Wanaoanguka nadharia ya elektrolisisi hawaangushwi na umeme, wanaangushwa na usafi. Anayebisha aje

#1 Binti wa Kondoa

Wakuu salaam.

Nimemaliza saa 600 za mafunzo ya elektrolisisi, yaani kuondoa nywele kwa umeme, California na nasubiri mtihani wa nadharia wa leseni. Kwa sasa niko nyumbani Dodoma namuuguza mama, kwa hiyo msuli naupigia hapa hapa Area C.

Kwa ambao hawajawahi kukutana na kazi hii: unaingiza sindano nyembamba sana kwenye folikuli, yaani kile kitundu unywele unamoota, unapitisha umeme kidogo, unaua kinachoulisha unywele, halafu unautoa na kibano bila kuuvuta. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. California humgusi mteja bila leseni. Texas hawana leseni ya kazi hii kabisa.

Sasa hoja yangu. Darasani kila mtu alikuwa anaogopa sura ya umeme. Watu wanakesha na kanuni ya Ohm. Lakini kila ninapopitia maswali ya mazoezi naona yanayomwaga watu ni ya usafi: kipi kinaoshwa tu, kipi kinawekwa kwenye dawa, kipi lazima kiuliwe vijidudu mpaka spora, lile umbo lao sugu la kujikinga. Majibu manne yote yanafanana, na ukichanganya moja umekwenda na maji. Mwenye kujua uuguzi, fizikia au ngozi aje anipinge.

#2 Mzee wa Nzuguni

Binti, yaani nywele zinatolewa moja moja kwa umeme na mtu analipwa? Kidevu kimoja mnamaliza lini?

#3 Binti wa Kondoa

Shikamoo mzee. Ndiyo, moja moja. Kidevu kinaweza kuchukua mwaka na zaidi kwa vipindi, maana nywele haziamki zote siku moja. Ila ukimaliza umemaliza. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inaruhusu elektrolisisi iitwe kuondoa nywele kwa kudumu. Leza wao wanaiita kupunguza kwa kudumu. Halafu leza inatafuta rangi nyeusi ya unywele, kwa hiyo mvi haizioni. Sindano haijali rangi.

#4 Mwalimu Masafa

Mleta uzi, nabisha. Nafundisha fizikia, na namjua vizuri mwanafunzi anayesema umeme ameuelewa. Mwulize umeme unafanya nini pale kwenye ncha ya sindano, atakuimbia V ni sawa na I mara R. Mtihani hautaki wimbo huo.

Galvaniki, njia ya kwanza ya kazi hii, ni mkondo mnyoofu. Sindano ni kathodi, upande hasi. Mteja anashika elektrodi ya upande chanya mkononi. Ndani ya folikuli kuna maji na chumvi. Mkondo ukipita, vinavunjika na kujipanga upya: kwenye sindano inatengenezwa hidroksidi ya sodiamu pamoja na gesi ya haidrojeni, klorini inaelekea anodi, ule upande chanya. Hidroksidi ya sodiamu ndiyo kostiki soda, hii hii ya watengeneza sabuni. Anayeua mzizi ni kostiki, umeme kazi yake ni kuitengeneza tu. Lile povu dogo linalotokea mdomoni mwa folikuli ni haidrojeni inatoka.

Ukishaelewa hivyo, swali la mtego linajijibu lenyewe: nguzo zikigeuzwa, sindano ikawa chanya, nini kinatokea? Chembe za chuma cha sindano zinahamia kwenye ngozi na kuacha doa jeusi linaloweza kubaki. Aliyekariri halioni hilo. Anayeielewa kathodi analiona hata kama hajawahi kulisoma.

Kipimo nacho ni rahisi. Sehemu ya kumi ya miliampia kwa sekunde 1 ni yuniti 1 ya kostiki. Miliampia 0.5 kwa sekunde 16 ni 5 mara 16, yuniti 80. Ndicho kiasi ambacho vitabu vinakitaja kwa unywele mnene wa kina kirefu, mfano wa ndevu.

#5 Nesi wa Makole

Mwalimu umemwaga nondo, lakini mimi nasimama na mleta uzi.

Nimefanya kazi chumba cha vifaa. Ninachokiona kila mara ni kwamba watu wanaamini kuchemsha ni kuua kila kitu. Si kweli. Spora hazifi kwa maji yanayochemka. Kinachotakiwa ni mvuke chini ya shinikizo, otoklevu: nyuzi 121 na shinikizo la paundi 15 kwa inchi ya mraba, kwa muda ambao vitabu vinautaja kati ya dakika 15 na 30, kutegemea kama vifaa vimefungwa au viko wazi. Na kabla ya hapo vifaa vinaoshwa. Kibano chenye damu iliyokauka ukikiingiza kwenye otoklevu hivyo hivyo, umepika damu tu.

Mleta uzi, ukiulizwa kitu cha kwanza kufanya na kibano kilichotumika, jibu ni kuosha. Wengi wanarukia otoklevu kwa sababu ndilo neno kubwa kuliko yote kwenye karatasi.

Pia ujue kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa angalau siku 7. Ukimwi ndio unaoogopwa mtaani, lakini kwenye meza ya saluni homa ya ini B ndiyo ngumu zaidi. Chanja kabla hujaanza kazi, dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6.

#6 Mwalimu Masafa

Nesi, hapo kwenye paundi 15 niongeze kitu. Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar, maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Geji ya otoklevu inapima shinikizo lililozidi lile la hewa ya nje. Kwa hiyo ukisoma 15 kwenye geji ukiwa Dodoma, ndani hujafika 121, uko kama 119. Unahitaji karibu paundi 2 za ziada.

#7 Nesi wa Makole

Hilo ni kweli kabisa, na ndiyo maana sisi tunaangalia kipimajoto na kupima kwa spora. Kuna vichupa vya majaribio vyenye bakteria Geobacillus stearothermophilus. Unakiweka katikati ya mzigo, ukimaliza unakiotesha. Kikiota chochote, mzigo wote unarudi. Ule utepe unaobadilika rangi unakuambia joto lilifika pale, haukuambii kwamba vijidudu vimekufa.

#8 Binti wa Kondoa

Asanteni. Sasa nijibu nini? Karatasi inasema 15 na 121, Mwalimu anasema Dodoma 17.

#9 Mwalimu Masafa

Karatasi jibu 15 na 121. Kwenye saluni yako fuata joto.

#10 Dada wa Majengo

Habari zenu. Mimi ni mtu wa kutoa nyusi na ndevu za wanawake kwa uzi, niko karibu na soko la Majengo. Nimeona mashine za hiyo elektrolisisi zinauzwa mtandaoni, picha nzuri, na ndani ya boksi kuna sindano kadhaa. Wateja wangu wengi wana ndevu za kidevuni, wanakuja wamejifunga mtandio mpaka puani, na nikimaliza wananishika mkono kama nimewatoa jela. Nikinunua naweza kujifunza mwenyewe?

#11 Fundi Jongo

Dada, kabla ya yote angalia nyuma ya mashine imeandikwa nini. Ya soko la Marekani inatumia volti 120, ukutani kwako kuna 230. Ukichomeka bila transfoma unasikia mlio mmoja tu, basi.

#12 Nesi wa Makole

Dada wa Majengo, usinunue kwa sasa. Hata ukipata transfoma. Sindano hiyo ni ya mteja mmoja mara moja, halafu inakwenda kwenye sefti boksi, boksi la kutupia sindano, na boksi likifika robo tatu linafungwa. Sindano kadhaa za kwenye boksi utazimaliza asubuhi moja. Baada ya hapo utafanya nini, utazipangusa na spiriti? Hapo ndipo watu wanapopeana magonjwa.

Kuna suala la mkono pia. Kuna dada mmoja alikuja kwetu na vidonda kidevuni, vidogo vidogo vimejipanga, kila kimoja na gaga lake. Aliyemhudumia hakufika chini ya folikuli, joto likaishia juu ya ngozi. Vidonda vilipona, mabaka meusi yakabaki muda mrefu.

#13 Binti wa Kondoa

Nakazia. Sindano ikiingia sawasawa husikii kitu. Unavuta ngozi kidogo kwa vidole, unafuata mlalo wa unywele, inateleza yenyewe mpaka inagota. Ukiona ngozi inabonyea pale unapoingiza, au inageuka nyeupe, uko nje ya njia, toa uanze upya. Unywele nao unapaswa kutoka bila kuvutana. Ukisikia kamvutano, ujue umeng'oa, hujaua. Haya yote yanaulizwa kwenye nadharia.

Dada, anza na vyuo vya ufundi vya VETA. Wana fani ya ususi na urembo, utapata misingi ya ngozi na usafi. Elektrolisisi ije juu ya hapo.

#14 Dada wa Majengo

Nimeelewa dada. Ila wateja wangu watanuna.

#15 Mama Zabibu

Mimi ni mteja, nisemee upande wetu. Nilianza kuota ndevu nikiwa kidato cha pili. Nikikaa darasani nilikuwa naegemea kiganja ili kidevu kisionekane, mpaka walimu wakadhani nasinzia. Baadaye nilifanyiwa hiyo ya sindano Dar. Nililipa pesa nyingi, nywele zikapungua, kisha baada ya miezi zikaanza kuonekana tena. Mnaposema ya kudumu, mnamaanisha nini?

#16 Binti wa Kondoa

Pole sana dada, na asante kwa kusema. Swali lako lipo pia kwenye mtihani. Unywele una hatua tatu. Anajeni unakua, katajeni unajitenga na kinachoulisha, telojeni umepumzika unasubiri kudondoka. Sindano inaua vizuri kwenye anajeni kwa sababu unywele bado umeunganishwa na papila, ule ugavi wa damu chini kabisa. Siku uliyofanyiwa, kuna folikuli nyingine zilikuwa zimelala bila unywele wa kuonekana. Zilipoamka ukadhani zile za zamani zimerudi. Zilikuwa mpya machoni pako, hazikuwahi kuguswa.

#17 Kitabibu

Mleta uzi, hiyo ni nusu ya habari. Vitabu vya zamani vinasema ua papila basi. Tangu 1990 utafiti ulipoonyesha kwamba seli mama za unywele ziko kwenye kibonge, sehemu ya juu kidogo pale msuli mdogo wa unywele unapojishikiza, hesabu ilibadilika. Ukiunguza chini pekee na kuacha kibonge, folikuli inaweza kujijenga upya. Kwa hiyo Mama Zabibu, huenda aliyekuhudumia alitibu chini tu.

#18 Nesi wa Makole

Mnamkimbiza mbio ndefu wakati jibu liko karibu. Ameota ndevu kidato cha pili! Hiyo ni homoni. Mama Zabibu, ulishapimwa? Sababu kubwa ya nywele za mtindo wa kiume kwa wanawake ni ile hali ya ovari kuwa na vifuko vidogo vingi, PCOS. Hedhi huruka, uzito hupanda, chunusi. Kama homoni bado inasukuma, folikuli zilizokuwa na malaika laini zinageuzwa kuwa nywele nene kila mwezi. Fundi anaua hizi, mwili unaandaa zile.

#19 Mama Zabibu

Hedhi inaruka, ndiyo. Sijawahi kupimwa kwa ajili ya nywele. Nilidhani ni ya ukoo, mama yangu mkubwa naye anazo.

#20 Nesi wa Makole

Inaweza kuwa ya ukoo pia, familia nyingine zinazo bila ugonjwa wowote. Lakini nenda ukapimwe. Hospitali ya Benjamin Mkapa wana madaktari wa wanawake.

#21 Mwalimu Masafa

Mimi naona sababu ya nne. Nywele zetu ni za kujisokota na folikuli yenyewe imepinda chini ya ngozi. Sindano ni nyoofu. Ukitumia themolisisi, yaani njia ya kuunguza kwa joto, joto hilo linaanzia kwenye ncha na kusambaa karibu nayo tu. Kama ncha haikufika kwenye mzizi kwa sababu ya kona, umeunguza ukuta wa pembeni. Kostiki ya galvaniki ni kimiminika, inafuata kona mpaka chini. Mama Zabibu, unakumbuka kila unywele ulichukua muda gani?

#22 Mama Zabibu

Haraka sana. Kama kudonolewa, tii, tii, tii.

#23 Mwalimu Masafa

Basi ilikuwa themolisisi ya haraka. Hapo ndipo umeme unapotakiwa kueleweka! Themolisisi ni mkondo geu wa masafa ya juu, megahezi 13.56, mashine nyingine 27.12. Sindano yenyewe haina moto, ni maji ya kwenye tishu yanayotikiswa mpaka yanapata joto. Folikuli ina unyevu zaidi chini kuliko juu, ndiyo maana joto linakaa chini ukiwa na kina sahihi. Blendi inaunganisha yote mawili: galvaniki inatengeneza kostiki, joto linaipa kasi, sawa na majani ya chai kwenye maji ya moto na ya baridi.

#24 Kitabibu

Mwalimu, usimhukumu fundi kwa mlio wa tii. Kuna mafundi wa themolisisi wanaosafisha nywele za kipilipili vizuri kwa sababu mkono wao unajua pembe. Wengine pia humwambia mteja akate kwa mkasi badala ya kung'oa nyumbani, kwa sababu kung'oa na kutoa kwa uzi miaka mingi kunaweza kuipindisha folikuli zaidi.

#25 Dada wa Majengo

Sasa mnanigusa kazi yangu. 😄

#26 Mkongwa

Mnajadili mambo makubwa na hamjasema yalianza wapi, wakati historia inaulizwa kwenye mtihani. Mtu wa kwanza kuandika juu ya njia hii ni daktari wa macho, Charles Michel wa St. Louis, Missouri, mwaka 1875. Hakuwa anahangaika na urembo. Alikuwa na wagonjwa ambao kope zimegeukia ndani zinakwaruza mboni ya jicho.

Sisi wa Kongwa hilo hatuhitaji kuelezwa. Trakoma, ugonjwa wa macho unaogeuza kope ndani, ilitusumbua vizazi na vizazi, mpaka watafiti wakaja kuisomea kwetu. Bibi yangu alikuwa na kibano chake kidogo cha bati, amekifunga kwenye pindo la kanga. Asubuhi anakaa upande wa jua, mjukuu mwenye macho mazuri anaitwa kumng'olea kope. Unashika kope, anashusha pumzi, unavuta. Baada ya majuma zimeota tena, zingine fupi na ngumu zaidi, zinachoma kuliko za mwanzo. Michel alikuwa anatafuta namna ya kumfanya mtu kama bibi asirudi tena kwenye kibano. Siku hizi tatizo hilo linatibiwa kwa upasuaji mdogo wa kope.

Kwa mtihani endelea hivi: Paul Kree, 1916, mashine ya galvaniki yenye sindano nyingi kwa pamoja. Henri Bordier wa Lyon, Ufaransa, 1924, themolisisi. Henri St. Pierre na Arthur Hinkel, hataza ya blendi, 1948.

#27 Binti wa Kondoa

Mkongwa, umenigusa sana. Nilikuwa namkariri Michel kama jina na mwaka tu. Sasa simsahau.

#28 Mzee wa Nzuguni

Mimi nilikuja kucheka, nimebaki kusoma. Bibi yangu wa Mpwapwa alikuwa na kibano kama hicho hicho.

#29 Kijana Chang'ombe

Wadau, mmesahau kinachoangusha watu kweli: Kiingereza. Dada yangu alifanya mtihani wa namna hii Uingereza. Kule England hakuna leseni ya taifa, halmashauri nyingi ndizo zinazosajili wanaofanya elektrolisisi chini ya sheria ya 1982, lakini vyuo vina mitihani yao. Kazi aliijua vizuri. Maswali ya "yote haya ni kweli ISIPOKUWA" ndiyo yaliyomtesa. Anaona jibu la kwanza ni la kweli, anatia alama, anasonga.

#30 Nesi wa Makole

Hiyo si Kiingereza, ni haraka. Hata mtihani wa Kiswahili ukiandika ISIPOKUWA watu wanairuka.

#31 Kijana Chang'ombe

Nesi, ukisoma kwa lugha ambayo hujaiota ndotoni, haraka inakuja yenyewe kwa sababu akili imechoka. Nashauri mleta uzi asome jambo kwa Kiswahili kwanza kama mnavyofanya hapa, amweleze mama yake mpaka aelewe, ndipo arudi kwenye maswali ya Kiingereza.

#32 Binti wa Kondoa

Hilo nalifanya tayari. Mama anaijua kathodi kuliko wanafunzi wenzangu.

Naomba msaada kwenye hili: "Mteja anakuja na unywele mnene unaoota kwenye kidoa cheusi kilichoinuka shavuni. Utafanya nini?" Nimeona majibu yanayogombana.

#33 Kitabibu

Unamtuma kwa daktari kwanza, unasubiri idhini ya maandishi. Hatari si unywele, hatari ni kutokujua kile kidoa ni nini.

#34 Nesi wa Makole

Naunga mkono. Na ujipange kwa wengine wa kundi hilo: mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo haguswi na umeme huu. Mwenye kisukari anataka tahadhari kwa sababu anapona polepole. Nywele za ndani ya pua na ndani ya sikio unaziacha. Na kwetu Waafrika, usiache kuuliza kuhusu keloidi, yale makovu yanayovimba. Angalia masikio palipotobolewa hereni, angalia kovu la chanjo begani. Ngozi inakuambia historia yake kabla mteja hajafungua mdomo.

#35 Mwalimu Masafa

Nami niweke moja la kufungia sura yangu. Mashine imewekwa miliampia 0.8, unataka yuniti 80. Sekunde ngapi?

#36 Mzee wa Nzuguni

100.

#37 Mwalimu Masafa

Mzee, umegawa 80 kwa 0.8. Kwanza igeuze 0.8 kuwa sehemu za kumi, ni 8. Kisha 80 kwa 8, sekunde 10. Kwa sekunde 100 ungempa mteja yuniti 800.

#38 Binti wa Kondoa

Na hiyo 100 huwa imo kwenye majibu manne, inawasubiri watu. Mwalimu, hapo nakupa haki yako, ila bado nasema maswali ya usafi ni mengi zaidi. Nesi, kabla hujalala nisaidie joto kavu. Kitabu kimoja kinasema nyuzi 170 kwa saa 1, kingine 160 kwa saa 2. Kipi ni kipi?

#39 Nesi wa Makole

Vyote sahihi. Joto likipungua, muda unaongezeka. Soma swali limetaja nyuzi ngapi ndipo uchague muda. Na spora ya kupimia inabadilika: kwenye joto kavu ni Bacillus atrophaeus, usiandike ile ya otoklevu. Wengi wanaiandika.